Simu Iliyozimwa Siku ya Marejesho

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo linalotokea mitaani kwetu kila wiki, na ambalo husemwa kwa minong'ono tu. Katika kata nyingi za Dar es Salaam, Mwanza, Morogoro na miji mingine ya Tanzania, siku ya marejesho akina mama huketi asubuhi nyumbani kwa mwenyekiti wa kikundi, afisa mikopo akiwa na orodha yake, na fedha huhesabiwa mbele ya wote. Siku nyingine hesabu haitimii. Mmoja hajafika, simu yake haipatikani, na jirani anasema alimwona alfajiri akifunga mlango na kuondoka. Desturi ya vikundi vingi ni kwamba haondoki mtu mpaka jumla itimie, kwa hiyo wenzake huchanga kuziba pengo, kila mmoja akimega fedha aliyokuwa ameitengea unga, nauli au dawa. Aliyezima simu mara nyingi si tapeli. Mume amekosa kibarua, mtoto amelazwa, au samaki wa biashara wameoza kwa sababu umeme ulikatika siku mbili. Alichokuwa nacho mkononi jana usiku kilitosha kulisha watoto au kutoa rejesho, hakikutosha yote mawili. Je, amekosa? Na kama amekosa, amemkosea nani, na kosa lake lina uzito gani?

Majibu mawili huwa tayari midomoni mwetu. La kwanza ni kwamba dawa ya deni ni kulipa, na mazungumzo yaishie hapo. La pili ni kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na asiye nacho hana cha kudaiwa. Kila jibu limeshika upande mmoja wa jambo na kuuachia mwingine. Ninavyoona mimi, dhiki ya kweli inaweza kuahirisha malipo, na inaweza hata kuyapunguza, lakini haimwondolei mdaiwa wajibu wa kujitokeza na kusema hali yake ilivyo. Kwa upande wa pili, mdai ambaye amehakikisha kwamba kila anayejitokeza ataumizwa na kuaibishwa, amejipunguzia mwenyewe haki ya kulalamika anapokimbiwa. Mambo haya mawili yanategemeana, na ubishi wetu mwingi juu ya madeni unatokana na kulishika moja na kulisahau la pili.

Mafundisho ambayo wengi wetu tumelelewa nayo yanajua kwamba dhiki hubadilisha hukumu. Katika mwaka wa 18 wa Hijria, karibu na mwaka 639, Uarabuni kulipokuwa na ukame mkubwa, Khalifa Umar anasimuliwa kuwa alisimamisha adhabu ya kukata mkono wa mwizi, kwa kuwa watu waliiba kwa njaa. Huko Ulaya, katika karne ya 13, Mtakatifu Thoma wa Akwino aliandika kwamba aliye katika hatari ya kufa njaa akichukua cha mwenye ziada ili aokoe maisha yake, hajafanya wizi kwa maana yake kamili. Lakini tuangalie vizuri: hukumu hizo zinahusu mkate, na zinahusu mtu anayechukua kutoka kwa mwenye ziada. Deni lina jambo la zaidi. Aliyekopesha alitoa kwa hiari yake, akiamini neno la mtu, na sasa anasubiri. Ndiyo maana Kurani, katika Sura ya Al-Baqara aya ya 280, inamwamuru mdai ampe muhula mdaiwa aliye katika shida, na kuongeza kwamba kumsamehe ni bora zaidi. Kisha aya mbili mbele, katika aya iliyo ndefu kuliko zote ndani ya Kitabu, inaamuru deni liandikwe na liwekewe mashahidi. Huruma na maandishi vimewekwa karibu karibu, na kimoja hakikukusudiwa kukifuta kingine. Sura ya At-Tawba, aya ya 60, inawataja wenye madeni kati ya makundi manane yanayostahili zaka. Katika Biblia, Kumbukumbu la Torati sura ya 15, kila mwaka wa saba ulikuwa mwaka wa kuachilia madeni, na tajiri alionywa asikatae kumkopesha maskini kwa sababu mwaka huo umekaribia. Ukiyasoma mafundisho haya kwa pamoja, unaona mzigo umegawanywa: deni linabaki deni, mdaiwa hapondwi, na jamii haikai pembeni ikitazama.

Basi tujiulize nani anabaki na mzigo pale mtu anaposhindwa, maana naamini hapo ndipo uzito wa kosa unapopimwa. Mtindo wa kukopesha kwa vikundi ulienea duniani kutokana na kazi ya Muhammad Yunus, aliyeanza mwaka 1976 katika kijiji cha Jobra nchini Bangladesh, kazi iliyozaa Benki ya Grameen mwaka 1983. Maskini hana hati ya nyumba ya kuweka rehani, kwa hiyo wenzake ndio wanaosimama mahali pa rehani. Wazo hilo liliwafungulia wanawake wengi mlango ambao mabenki yalikuwa yameufunga, na sitaki kulibeza. Lakini huku kwetu, kampuni nyingi zilipolichukua, zililichukua pamoja na sharti kwamba anayeshindwa analipiwa na kikundi. Matokeo yake ni kwamba hasara haimfikii mkopeshaji. Yeye ana mtaji, ana riba ambayo tayari imehesabiwa kufidia watakaoshindwa, na kabla ya adhuhuri amekwisha kupata fedha yake yote. Anayerudi nyumbani mikono mitupu ni muuza vitumbua aliyekaa karibu na kiti kilichokuwa kitupu.

Kwa hiyo ule utetezi tunaousikia mara kwa mara, kwamba hawa wenye kampuni wana fedha nyingi na hawataumia, haumsaidii aliyezima simu. Huenda ni kweli kwamba kampuni haitaumia. Walioumia ni wenzake, ambao dhiki yao na yake ni moja, na ambao walimdhamini kwa sababu walimjua. Katika VICOBA, yaani vikundi vya wanachama wanaoweka na kukopeshana wenyewe, jambo hili ni wazi zaidi. Mtindo huo una asili yake Niger, ambako shirika la CARE lilianzisha vikundi vya kuweka na kukopa mwaka 1991, kisha ukafika Tanzania na kuota mizizi. Fedha iliyomo katika sanduku lenye kufuli tatu ni hisa za wanachama wenyewe. Hakuna tajiri wa mbali wa kusingizia. Anayetoroka na mkopo wa sanduku ametoroka na ada ya shule ya mtoto wa mwenzake, na hata kama njaa ndiyo iliyomsukuma, njaa hiyo hakuimaliza. Aliihamishia nyumba ya pili. Nasema hivi kwa uchungu, kwa sababu najua anayenisikiliza sasa huenda ni mtu aliye katika hali hiyo. Lakini kumhurumia mtu kwa kumficha ukweli juu ya nani aliyebeba mzigo wake si kumhurumia.

Na hapa wakopeshaji nao wana swali la kujibu. Je, ilikuwa lazima jirani afanywe rehani? Wachumi Xavier Giné na Dean Karlan waliifuatilia benki moja nchini Ufilipino ambayo, katika vituo vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu, iliondoa sharti la wanakikundi kulipiana, mikutano ya pamoja ikabaki kama kawaida. Marejesho hayakupungua. Watu waliendelea kulipa ingawa hakuna jirani aliyeshikiliwa kwa deni la mwenzake. Benki moja haitoshi kuhukumu dunia nzima, nakubali. Lakini inatosha kumnyima mkopeshaji ile kauli nyepesi kwamba bila kuwabana majirani hakuna atakayelipa.

Kuna jambo jingine linaloumiza zaidi kuliko hilo, na halisemwi. Mtu mwenye madeni matano na fedha ya deni moja hulazimika kuchagua nani alipwe kwanza, na mara nyingi sana anayechagua ni hofu. Analipwa kwanza yule mwenye mdomo mkali: mkopeshaji wa kausha damu, yaani mikopo ya mtaani yenye riba kali, anayeweza kufika na vijana wa kubeba runinga. Anasubiri yule mpole: mwenye duka la mtaani aliyeandika unga na mafuta kwenye daftari bila riba, shangazi aliyeuza mbuzi ili amsaidie, dada wa kazi anayeambiwa kila mwisho wa mwezi kwamba mambo yatakaa sawa mwezi ujao. Ukipanga foleni hiyo kwa haki badala ya hofu, inageuka kabisa. Wa kwanza angekuwa yule atakayeumia zaidi kwa kusubiri, na yule aliyetoa bila kutafuta faida. Dada wa kazi hakukubali kumkopesha mtu. Amegeuzwa mkopeshaji bila kuulizwa, na mshahara wake ndio chakula cha ndugu zake kijijini. Namhukumu kwa ukali zaidi anayemnyima dada wa kazi mshahara wa miezi mitatu huku akipeleka marejesho ya kausha damu kwa wakati, kuliko anayefanya kinyume chake. Najua kwamba kinyume chake kinahitaji ujasiri. Lakini kama dhiki inatulazimisha kuvunja ahadi mojawapo, basi ivunjwe ile inayomgusa mwenye uwezo wa kustahimili, na isiwe ile ya mtu asiye na sauti.

Vipi kuhusu mikopo ya simu inayotolewa na watu wasio na leseni? Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu 69 za kukopesha zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Wapo waliopumua na kusema kwamba basi deni limekufa. Mimi sioni hivyo. Fedha uliyoipokea na kuitumia ni ya mtu, hata kama mtu huyo amevunja sheria, na kurudisha kile ulichopokea ni haki. Lakini zile faini zinazoongezeka kila siku, na ada ambazo hukuonyeshwa wakati wa kukopa, hizo hukuziahidi kwa kujua, na dhamiri yako haina sababu ya kukosa usingizi kwa ajili yake.

Sasa nifike kwenye pingamizi lililo na nguvu kuliko yote, na nataka nilipe nafasi yake kamili. Mtu ataniambia: wewe unasema ajitokeze, lakini unajua anachokutana nacho akijitokeza? Anaondolewa godoro watoto wakitazama. Anachukuliwa mtungi wa gesi na cherehani. Anatangazwa mtaa mzima. Huko Kenya, kabla ya kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kupiga marufuku mtindo huo, kampuni za mikopo ya simu zilizoea kupiga simu kwa watu waliomo katika orodha ya majina ya mdaiwa, mpaka mwajiri na mkwe wajue kwamba anadaiwa. Ni nani mwenye akili timamu atakayejipeleka huko kwa miguu yake mwenyewe? Pingamizi hili ni la kweli. Na sheria yenyewe iko upande wake. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai ya Tanzania ya mwaka 1966, iliyofuata ile ya India ya 1908, imetaja vitu ambavyo hata mahakama haiwezi kuvikamata kwa ajili ya deni: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, zana za fundi, jembe na mbegu za mkulima. Jambo ambalo hakimu amekatazwa, kijana aliyetumwa na mkopeshaji wa mtaani analifanya mchana kweupe. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa wa mwaka 1966, katika kifungu cha 11, unakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa mkataba. Na Mahakama Kuu ya Kenya, ilipoulizwa kuhusu kifungo cha madai, ilishika tofauti ambayo naiona ndiyo kiini: kumwadhibu asiye na uwezo ni dhuluma, ila anayeweza kulipa na anakataa ni mtu mwingine kabisa.

Tofauti hiyo haikupatikana kwa urahisi. Uingereza iliwafunga wadaiwa kwa karne nyingi. Mwaka 1824 John Dickens, karani mwenye watoto wengi, alitiwa katika gereza la Marshalsea jijini London kwa deni la takriban pauni 40 alilodaiwa na mwoka mikate, na mwanawe Charles, aliyekuwa na miaka 12, alikuwa akibandika lebo kwenye chupa za rangi ya viatu kiwandani. Mtoto huyo alipokuwa mwandishi mashuhuri aliurudia utumwa ule katika vitabu vyake mara nyingi. Mfungwa hafanyi kazi, na asiyefanya kazi halipi. Gereza la deni lilikuwa linaharibu kile kile lilichodai kukikomboa. Bunge lilifuta sehemu kubwa ya vifungo hivyo mwaka 1869. Sisi hatuna Marshalsea, lakini anayemnyang'anya fundi cherehani yake kwa sababu ya rejesho la wiki mbili anafanya kazi ile ile.

Kwa hiyo nakubaliana na pingamizi hili hadi mahali fulani. Wajibu wa kujitokeza hupungua kadiri mlango wa kujitokezea unavyofungwa. Mama aliyemkimbia afisa mikopo anayejulikana kwa kubeba magodoro, simwiti mkosaji kwa sababu hiyo. Lakini kuna mpaka ambao pingamizi halivuki. Anaweza kumkimbia afisa. Wenzake wa kikundi ni jambo tofauti. Ujumbe wa maneno machache kwa mwenyekiti usiku wa kuamkia siku ya marejesho, kwamba sina, na sababu ni hii, na ninachoweza ni hiki, unawapa watu wazima nafasi ya kupanga. Ukimya unawanyima hata hiyo, unawaacha waigundue hasara pale pale wakiwa hawana la kufanya. Dhiki ilimnyang'anya fedha. Haikumnyang'anya neno, na neno ndilo alilokuwa ameliweka rehani kwa wenzake siku ya kwanza.

Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, alichukua mfano unaotufaa sana: mtu aliyebanwa na shida anakopa na kuahidi kulipa, huku akijua kwamba hataweza. Kant aliona kwamba kama kila mwenye shida angefanya hivyo, ahadi zingekufa, kwa kuwa hakuna ambaye angeziamini. Wengi humlaumu Kant kwa ugumu wa moyo, lakini mfano wake una mpaka ambao watu huusahau. Mtu wake anadanganya wakati wa kukopa. Mama wa mfano wetu hakudanganya. Aliamini atalipa, kisha maisha yakamgeuka. Wawili hawa hawawezi kupewa hukumu moja. Hata hivyo mfano wa Kant unatugusa mahali pengine, tena panauma: pale mtu anapokopa kwa huyu ili apeleke marejesho kwa yule, kisha kwa wa tatu ili amlipe wa pili. Kufikia mkopo wa tatu au wa nne anajua. Moyoni mwake anajua kwamba fedha hii hairudi, na bado anatia sahihi. Hapo dhiki haijamlazimisha kushindwa ahadi. Imemfundisha kutoa ahadi ya uongo. Na mkopeshaji anayetoa fedha kwa dakika tano bila kuuliza mkopaji anadaiwa na nani mwingine, naye anajua. Uongo huo wanaushiriki wote wawili, ingawa anayevuna riba yake ni mmoja.

Wapo wanaosema: mbona wakubwa hawalipi? Swali ni halali, lakini jibu lake haliko pale wanapolitafuta. Miaka ya 1980 Mwalimu Nyerere aliuliza mbele ya dunia kama tulazimike kuwashindisha watoto wetu njaa ili tulipe madeni. Mwaka 1953 wadai wa Ujerumani Magharibi walikutana nayo London, wakapunguza madeni yake kwa karibu nusu na kuyafungamanisha malipo na uwezo wake wa kuuza bidhaa nje. Tanzania ilipunguziwa madeni mwaka 2001 chini ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa. Zambia iliposhindwa kulipa Novemba 2020, ilijadiliana na wadai wake kwa miaka kadhaa mpaka masharti yakabadilishwa. Katika mifano hii yote hakuna aliyezima simu. Kila mmoja alifungua vitabu vyake, akasema ana nini na hana nini, na wadai, kwa kupenda au kwa kulazimika, wakaketi. Kinachomtofautisha mama wa Tandale jijini Dar es Salaam na nchi au kampuni kubwa si kwamba wao wana ruhusa ya kuvunja ahadi na yeye hana. Ni kwamba wao wana meza ya kukalia na yeye hana. Basi adai meza hiyo. Kudai haki ya kutoroka ni kudai kitu kidogo mno.

Limebaki pingamizi la upande wa pili, la wakopeshaji na la wanachama waaminifu: mkianza kukubali dhiki kuwa sababu, kila mtu atakuwa na dhiki. Hili limewahi kutokea. Mwaka 2010 katika jimbo la Andhra Pradesh nchini India, kampuni za mikopo midogo zilikuwa zimekopesha kupita kiasi, nyumba moja ikidaiwa na wakopeshaji wengi kwa wakati mmoja, na zikaja habari za wadaiwa kujiua. Oktoba mwaka huo serikali ya jimbo ikatoa amri ya kuzibana kampuni hizo, na wanasiasa wakawahimiza watu wasilipe. Marejesho yaliporomoka, waliokuwa na uwezo wakaacha kulipa pamoja na wasiokuwa nao, na mikopo hiyo ikakauka. Huku kwetu pia tunaliona kwa sura nyingine. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, hukopeshwa bila riba, na bado ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimelalamika mara kwa mara juu ya fedha zisizorejeshwa. Mwaka 2023 utoaji wake ulisimamishwa ili utaratibu upangwe upya. Fedha ile haina afisa wa kubeba godoro, kwa hiyo hofu haikuwepo, na wengi hawakuona kwamba anayeisubiri ni kikundi kingine cha vijana kilichoandika barua ya maombi.

Lakini nini kinawatenganisha wenye dhiki na wenye kujifanya? Ni kule kule kujitokeza. Dhiki iliyosemwa mapema, mbele ya watu wanaokufahamu, inaweza kupimwa: mtoto kweli amelazwa, kibanda kweli kimebomolewa. Dhiki iliyofichwa haiwezi kupimwa, kwa hiyo mkweli na mwongo wanaonekana sawa, na wote wanaitwa matapeli. Mafuriko ya mwaka 1998 yalipofunika sehemu kubwa ya Bangladesh, Grameen ilijikuta na wakopaji wengi walioshindwa, na ule ukali wa zamani ukawa hauna kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikabadilisha utaratibu wake: mkopaji aliyekwama aliruhusiwa kupanga upya mkopo, kwa kiasi kidogo na kwa muda mrefu zaidi, bila kufukuzwa. Benki haikufa kwa huruma hiyo; ipo hadi leo. Na Novemba 2022 Benki Kuu ya Kenya iliidhinisha mpango wa mabenki kuwapunguzia wadaiwa wa mikopo midogo ya simu angalau nusu ya deni, ili majina yao yatolewe katika hali ya wasiolipa. Njia zinajulikana, na zimeshajaribiwa na watu wenye fedha zao hatarini.

Tena kwa VICOBA zetu hatuhitaji kusubiri benki yoyote. Vikundi vingi tayari vina mfuko wa jamii, unaochangiwa kidogo kidogo kila mkutano kwa ajili ya ugonjwa na misiba, na vina katiba ambayo wanachama wenyewe wana uwezo wa kuibadilisha. Mzunguko unapofika mwisho, hisa zimegawanywa na hakuna anayedaiwa, ndipo watu wanaweza kujadili jambo hili bila kumnyooshea kidole mtu. Ningependa vikundi vinavyojiandaa kuanza mzunguko mpya viandike kifungu kuhusu mwanachama aliyekwama, tena kwa maneno ambayo kila mmoja anayaelewa: anamwambia nani, siku ngapi kabla ya marejesho, anapewa wiki ngapi, mfuko wa jamii unamshikia kiasi gani katika muda huo, na mambo gani ya nyumbani kwake hayatatoka nje ya mkutano.